Ujiji, ng'ambo ya maji: marafiki wanne, sahani ya dagaa na historia yetu

 

Kuna msikilizaji aliyenitumia ujumbe wa simu baada ya kipindi chetu cha jioni. Aliuliza: «Mwandishi, kila mara ukitusimulia historia ni historia ya vita. Sisi hatuna historia nyingine?» Sikumjibu siku ile. Swali lake lilinikaa kichwani, maana alisema kweli. Leo ninalipa deni.

Huko Italia, watu wenye nafasi hukusanyika marafiki watatu au wanne, wakazunguka Roma, Firenze na Venezia. Asubuhi wanatazama kuta za kale, mchana wanakula, jioni wanabishana kuhusu walichokiona. Sisi wa Fizi tunadhani mambo hayo ni ya watu wengine. Lakini miji ya kale ipo karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Mmoja uko ng'ambo ya ziwa, safari ya siku moja kwa boti. Unaitwa Ujiji. Miaka kadhaa iliyopita, kipindi ambacho njia ilikuwa tulivu, tulikwenda huko watu wanne.

Tulikuwa mimi, rafiki yangu anayefundisha historia katika shule ya sekondari, dada mmoja anayefanya biashara ya samaki wakavu, na mvuvi mwenyeji wa Ubwari. Yule dada ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, kwa sababu amevuka ziwa mara nyingi kuliko sisi wote. Alituambia mapema: «Safari hii sinunui wala siuzi. Nimechoka kufika mahali nikaona mizigo tu.»

Ghuba yenye jina la mgeni

Tulitoka Baraka alfajiri, ziwa likiwa limelala. Ukiwa ndani ya boti ndipo unaelewa umbo la nchi yetu. Mkono wa kulia unaona Ubwari, milima iliyoingia majini kama mtu aliyenyoosha mguu. Katikati ya Ubwari na Baraka ni ghuba yetu, ambayo kwenye ramani za Wazungu inaitwa Ghuba ya Burton.

Mwalimu alianza somo hapo hapo, sauti yake ikishindana na injini. Burton alikuwa Mwingereza. Yeye na mwenzake Speke walifika Ujiji mwezi wa 2 mwaka 1858, wakiwa wagonjwa. Speke alikuwa karibu haoni. Mwezi wa 4 walipanda mitumbwi wakaja upande wetu, wakapita Ubwari na kufika Uvira. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wenyeji wa Uvira waliwajibu kwamba unaingia. Wao wakarudi bila kufika mdomoni mwake.

Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mvuvi wetu aliposikia hivyo alicheka hadi akashika ukingo wa boti. «Kisiwa? Mimi nyumbani natembea kwa miguu mpaka bara. Angemuuliza hata mtoto.»

Jambo hilo ni la kucheka, lakini lina somo. Waliotuandika mwanzo walituandika wakiwa majini, wakipita. Wasichokiuliza walikikosea. Na makosa yao yakawa kitabu, wakati majibu ya wenyeji hayakuandikwa.

Tulizunguka ncha ya Ubwari, kisha tukaelekeza boti kusini-mashariki. Hapo ziwa linabadilika rangi, linakuwa la buluu nzito inayokaribia weusi. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, lile la Baikal huko Urusi. Wenye kuvuka mara nyingi hawapendi kuzungumza wakifika katikati. Hata mwalimu alinyamaza.

Dagaa, ndagala na ugomvi wa sombe

Boti nyingi kutoka Kongo na Burundi hufika Kibirizi, pembeni kidogo ya mji wa Kigoma. Ukishuka, kitu cha kwanza kinachokusalimu ni harufu ya dagaa. Wameanikwa kila mahali, wanang'aa juani kama vipande vya bati. Ni samaki wale wale ambao Uvira na Bujumbura wanaitwa ndagala. Wanavuliwa kwa njia ile ile: usiku, kwa taa zinazowavuta juu, kisha wavu. Ndiyo maana usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Baraka, ziwa linaonekana kama mji wenye umeme. Na mtu aliyesimama Kibirizi anaona vivyo hivyo.

Tulikwenda kula kwa mama mmoja mwenye meza tatu chini ya turubai. Sisi tungeita malewa. Wao wanamwita mama ntilie. Tulikula mgebuka wa kuchoma wenye ndimu na chumvi, dagaa waliokaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Dada yetu akaomba na sombe.

«Sombe hatuna,» mama akasema.

Dada akanyoosha kidole kwenye meza ya jirani. «Na ile ni nini?»

«Kile ni kisamvu.»

«Mama, kile ni sombe.»

«Mwanangu, kile ni kisamvu. Nimekipika mwenyewe tangu asubuhi.»

Wateja wote wakaingia kwenye shauri hilo. Mwishowe mama akaleta bakuli, dada akaonja, akasema: «Ni sombe, ila mmelinyima mawese.» Mama akacheka, akaongeza mawese. Majani ya muhogo ni yale yale kwenye kingo zote mbili. Tumegawana majina tu.

Mwalimu akatukumbusha kwamba kila kilichokuwa mezani kilikuwa na safari yake. Muhogo si mmea wa kale wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta kwenye pwani ya Atlantiki, nao ukatembea polepole kupitia misitu ya Kongo, mkono kwa mkono, mpaka ukafika ziwani kwetu. Mchikichi unaotupa mawese ni mti wa magharibi, na Kigoma ni kama mwisho wake upande wa mashariki. Chumvi nayo tangu zamani ilitoka Uvinza, mashariki ya Ujiji, ambako kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliichemsha ikakauka, wakaifunga kwa mafungu, ikavuka ziwa kuja kwa babu zetu.

Kwa hiyo sahani moja ya ugali na samaki wa Kibirizi ina Kongo ndani yake, ina Uvinza ndani yake, na ina ziwa katikati. Watu walikuwa wakila pamoja hapa kabla mpaka haujachorwa.

Soko la Ujiji

Siku ya pili tulichukua gari kwenda Ujiji, kilomita chache kusini. Leo Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, lakini ukiingia Ujiji unajua umefika mahali pengine. Nyumba zimekaribiana, zina baraza mbele. Wazee wenye kofia wanakunywa kahawa chungu. Msikiti hauko mbali na msikiti. Na miembe iko kila upande, mingine minene kiasi kwamba watu watatu hawawezi kuikumbatia.

Katika karne ya 19 hapa ndipo palikuwa na soko kubwa kuliko yote kwenye ufuko huu. Watu walileta dagaa, mawese, chumvi, majembe, mbuzi, nafaka. Fedha yao ilikuwa shanga, zilizoitwa sofi, vipande vifupi kama bomba la kiko lililovunjika. Misafara kutoka Bagamoyo, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, ilitembea zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tabora mpaka hapa. Kutoka hapa ilivuka ziwa kwenda Maniema, hadi Kasongo na Nyangwe, kutafuta pembe za ndovu.

Na kutafuta watu. Hapa lazima tuseme wazi, maana utalii wa kula na kupiga picha unaweza kumfanya mtu asahau. Mitumbwi iliyotoka upande wetu ikiwa na mawese na mbuzi ilibeba pia watumwa. Miaka ya 1880 bwana mkubwa wa Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Wapiganaji wake walivuka wakavuruga vijiji vya magharibi mwa ziwa mpaka aliposhindwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwaka 1894. Wazee wa Fizi bado wanaijua hofu ya nyakati zile, ingawa wengi hawajui tena majina. Na dola iliyomshinda Rumaliza haikuja kutupa uhuru. Ilikuja na mjeledi wake.

Sanamu mbili na watu wasio na sanamu

Kila mgeni wa Ujiji hupelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Tulikwenda nasi. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa na msalaba, na ndani ya nyumba ya makumbusho kuna sanamu za Wazungu wawili wanaosalimiana kwa kuvua kofia. Hapo, mwaka 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, ambaye Ulaya walidhani amekufa. Stanley aliandika tarehe 10 mwezi wa 11. Wataalamu wengine wanasema ilikuwa siku kadhaa kabla, kwa sababu wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku. Mwembe waliokutana chini yake haupo tena. Iliyopo inasemekana ni wajukuu wake.

Mimi kama mwandishi wa habari nilisimama mbele ya sanamu ya Stanley kwa muda. Alitumwa kutafuta habari, akaipata. Lakini nilijiuliza: Livingstone alikuwa ametoka wapi alipofika Ujiji akiwa amedhoofika vile?

Mwalimu alijua. Alikuwa ametoka Nyangwe, kwetu Kongo, huko Maniema kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, siku ya soko, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja na vyakula vyao: samaki, muhogo, ndizi, vyungu. Waliojaribu kukimbia kwa mitumbwi walizama mtoni. Waliokufa walikadiriwa kufika mia kadhaa. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akashindwa kuendelea mbele, akarudi Ujiji. Habari aliyoandika ilifika Uingereza na ilikuwa moja ya sababu zilizoongeza nguvu za kumlazimisha Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873.

Dada yetu, aliyezaliwa sokoni na anaishi kwa soko, aliuliza swali moja: «Na wale wanawake, mnara wao uko wapi?»

Hakuna aliyemjibu. Tulitoka nje tukakaa chini ya mwembe.

Kuna jambo jingine la ajabu mahali pale. Ukisimama kwenye kumbukumbu unaona ziwa liko mbali, lazima uteremke kidogo kulifikia. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi. Sababu iko upande wa Kongo, Kalemie. Mto Lukuga ndio mlango wa pekee wa ziwa kutokea, na katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Maji yakapanda mwaka hadi mwaka. Karibu na mwaka 1878 yakavunja kizuizi, Lukuga ikaanza kutoka kwa nguvu, na ziwa likashuka mita nyingi. Ndiyo maana bandari ya kale ya Ujiji imebaki nchi kavu.

Ninyi mliopoteza nyumba Uvira na kwingineko maji ya ziwa yalipopanda katika miaka hii ya karibuni, mjue kwamba ziwa hili limewahi kupanda na limewahi kushuka. Haliishi kwa kipimo cha umri wa mtu mmoja. Anayejenga ufukoni amuulize mzee kwanza.

Mzee wa baraza

Tukiwa chini ya mwembe, mvuvi wetu alikuwa akizungumza kwa simu na nyumbani, kwa sauti ya watu wa ziwani. Mzee mmoja aliyeketi kwenye baraza upande wa pili wa barabara alituita kwa mkono.

«Shikamoo, babu,» nikasema. Nilijifunza salamu hiyo nikiwa mtoto, nitaeleza wapi.

«Marahaba. Huyu kijana ni wa wapi?»

«Wa Ubwari, babu.»

Mzee akamtazama mvuvi kuanzia miguu hadi kichwa. Kisha akaanza kumtajia majina ya vijiji vya ufukoni, kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita darasa. Mvuvi akaitikia: kipo, kipo, hicho kilihama, hicho wanakitamka hivi siyo hivyo. Mzee hajawahi kufika Ubwari maishani mwake. Babu yake ndiye aliyevuka, na majina hayo yamekaa ndani ya ukoo kama vyombo vya harusi.

Nilimuuliza babu yake alivuka kama nani. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: «Huko nyuma watu hawakupenda kulisema. Alivuka, basi. Akaoa hapa, akajenga hapa, na ardhi hii unayokanyaga alilima yeye.»

Hiyo ndiyo historia ambayo mnara hausemi. Sehemu kubwa ya watu wa kale wa Ujiji ni wale wanaoitwa Wamanyema, na ndani ya jina hilo moja wamo Wabwari, Wagoma, Wabembe, Wamasanze, Waholoholo na wengine waliotoka ufuko wetu wa magharibi na bara nyuma yake. Wengine walikuja kama watumwa. Wengine walikuja kama wapagazi, wapiga makasia, wafanyabiashara, wake za watu. Walikuta Wajiji wenyeji, wakakuta Waarabu na Waswahili wa pwani, wakachanganyika. Walisali, wakacheza ngoma, wakajenga mitaa. Kizazi cha pili hakikuwa tena cha wageni. Kizazi cha tatu kiliitwa wenyeji wa mji.

Hata Kiswahili ninachowaandikia kilipita njia hiyo hiyo. Kilivuka kutoka Ujiji na misafara, kikaenda Maniema, kikakaa kwetu na kuchukua tabia zetu. Watu wa Kigoma wanatucheka tukisema «tunaendaka» na «bikombe». Wacheke tu. Mtoto aliyelelewa kwa shangazi hasemi sawasawa na aliyebaki nyumbani, lakini ukoo ni mmoja.

Mzee alituma mjukuu akaleta kahawa, kisha wali, kisha dagaa tena. Tulisema tumeshiba. Alisema mgeni haulizwi.

Meli iliyozama ikafufuka

Siku ya tatu tulizunguka mji wa Kigoma. Tuliona kituo cha reli ambacho Wajerumani walikijenga mwishoni mwa njia yao ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Reli ilifika hapo mwaka 1914, na mwaka huo huo vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Mwezi wa 7 mwaka 1916 Wabelgiji waliokuwa Kongo waliiteka Kigoma, wakakaa mpaka 1921, kisha wakaikabidhi kwa Waingereza. Wengi wetu hatujui kwamba Kigoma iliwahi kutawaliwa na wale wale waliotutawala sisi.

Bandarini tuliiona Liemba, imetulia kama bibi aliyekaa kivulini. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa meli, kwa reli, na kwa mabega ya wapagazi mahali ambapo reli ilikuwa haijafika. Mwaka 1915 iliingia majini Kigoma. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kwanza waliipaka mafuta injini zake. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili upande wa kusini.

Meli hiyo iliyoundwa kwa ajili ya dola ilikuja kuwa meli ya watu kama sisi. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilibeba maelfu ya Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Na mwalimu akaongeza kwamba maji haya ndiyo aliyopita Che Guevara usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1965, akitoka Kigoma kwenda Kibamba, kwenye wilaya yetu ya Fizi, kupigana pamoja na waasi wa wakati ule. Mwezi wa 11 alirudi kwa njia ile ile, ameshindwa. Ziwa hili limewavusha wakubwa na wadogo, wenye bunduki na wenye mafurushi.

Simu kwa mama

Sasa nieleze ile shikamoo.

Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, nilikuwa mtoto mdogo. Tulivuka usiku. Nililelewa katika mojawapo ya kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma, miaka mingi. Mwaka 2005 boti za kurudisha watu kwa hiari zilianza kuja Baraka, na baadaye mimi nilirudi na mjomba. Mama yangu alibaki na wadogo zangu. Mpaka leo yuko huko.

Kambini tulikuwa ndani ya mkoa wa Kigoma, lakini hatukuijua Kigoma. Huwezi kwenda mbali bila kibali. Tulijua mstari wa chakula: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Sisi wa Fizi hatukuzoea ugali wa mahindi. Mama alibadilishana unga na wanakijiji ili apate muhogo, hata kama alipunjwa. Ujiji tuliisikia kwenye vitabu vya shule. Ilikuwa mbali kama Roma.

Jioni ile ya tatu, tukiwa tumekaa ufukoni, nilimpigia mama. Nikamwambia niko Kigoma, nimetembea tu, na marafiki.

Akauliza: «Una kibali?»

Nikamwambia nina hati ya kusafiria, mimi ni mgeni, nimepigiwa muhuri.

Akanyamaza. Kisha akauliza: «Unakula nini huko?»

Nikamwambia: mgebuka, dagaa, ugali wa muhogo, sombe yenye mawese.

«Wa muhogo kweli?»

«Wa muhogo, mama.»

Akasema: «Basi kula vizuri. Kula na kwa niaba yangu.»

Wenzangu waliona nimekaa kimya, hawakuniuliza. Dada alisogeza sahani karibu nami.

Baraka ya leo, Ujiji ya jana

Sikuwaandikia haya ili niwapigie debe watu wa boti. Wengi wenu leo hamna nauli ya kufika hata Fizi, na njia si salama kila siku. Nimewaandikia kwa sababu ya jambo nililolibeba kutoka kwenye baraza la yule mzee.

Mji wa kale wenye sifa, ambao watalii wanatoka Ulaya kuja kuuona, ulijengwa na watu waliofika kwa mitumbwi wakiwa hawana kitu. Wengine walifika wamefungwa kamba. Wenyeji wangeweza kuwaita wageni mpaka mwisho wa dunia. Pengine wako waliowaita hivyo. Lakini walilima, wakapika, wakaoana, na leo jina la mji ni lao.

Hapa Baraka tunapokea watu. Wanatoka milimani, wanatoka bonde la Rusizi, wanatoka vijiji vilivyochomwa. Nimesikia maneno yanayosemwa bombani na sokoni: hawa wamekuja kutumaliza, hawa wamepandisha bei ya muhogo, warudi kwao. Ndugu zangu, nani kati yetu hajavuka? Mimi nimevuka. Mama yangu bado yuko ng'ambo, anakula kwa kibali cha wengine. Mtu unayemfukuza leo kwenye foleni ya maji, kesho mwanaye anaweza kuwa mzee wa baraza katika mji huu, akiwapa wageni kahawa.

Na ninyi mliokimbia, nina ombi kwenu pia. Yule mzee hakuwa na picha wala kitabu. Alikuwa na majina ya vijiji tu, na majina hayo yalimtosha kumtambua ndugu yake baada ya vizazi vitatu. Wafundisheni watoto majina ya mlikotoka: kijiji, mto, mlima, mti wa kukutania. Waambieni bibi alipikaje sombe. Andikeni kwenye daftari la shule mkiwa na kalamu, na kama hamna kalamu, mseme kwa sauti wakati wa kula. Wale wanawake wa Nyangwe hakuna aliyeandika majina yao. Tusikubali hayo yatupate mara ya pili.

Msikilizaji wangu uliyeuliza kama tuna historia nyingine, jibu langu ni hilo. Tunayo, na sehemu yake kubwa iko mezani na vinywani mwetu. Mwaka ambao njia itafunguka vizuri, nitavuka tena. Safari hiyo nitaomba kibali cha mama, tule naye Ujiji.

Kutoka Baraka, wilaya ya Fizi, ni mimi mwandishi wenu. Tusikilizane jioni.